Jinsi ya Kupata Vina vya Neno la Kiingereza: Tafuta Mkazo Kwanza

Kijana wa kidato cha tatu aliniletea shairi la Kiingereza alilotaka kulisoma siku ya mahafali. Mishororo minne ya ubeti wa kwanza iliishia kwa "nation", "education", "corruption" na "solution". "Mwalimu, vina vimekaa," akaniambia. "Sheni kwa sheni mpaka chini." Alikuwa na furaha ile ya mtu aliyekesha na kalamu, nami nikaona maelezo yangu yatabidi yaanzie mbali. Kwa sikio la Kiswahili, vina vilikuwa vimekaa kweli. Kwa sikio la Kiingereza, ni "nation" na "education" tu yaliyoshikana. Yale mawili ya chini hayakushikana na ya juu, wala yenyewe kwa yenyewe.

Hakukosa bidii. Alitumia kanuni ya lugha moja kuijenga nyingine, na nimeona kosa hilo hilo kwa vijana wanaochana rap geto huko Chang'ombe, kwa wanachuo wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), na kwa walimu wenzangu wanaoandaa wimbo wa kumpokea mgeni rasmi. Kwa hiyo kabla ya hatua zenyewe, tuweke kanuni mbili mezani.

Kina chetu na kina chao

Soma mishororo hii miwili niliyoitunga kwa ajili ya somo hili:

Dodoma ninakupenda, jua lako na upepo,
Zabibu zinapopanda, nami niko papa hapo.

Mizani 8 kwa 8, kina cha kati "nda", kina cha mwisho "po". Hakuna malenga atakayekulaumu. Sasa sikiliza silabi inayotangulia kina. Kwenye "ninakupenda" ni "pe", kwenye "zinapopanda" ni "pa". Kwenye "upepo" ni "pe", kwenye "hapo" ni "ha". Irabu hazilingani, na sisi hatujali, kwa sababu kina chetu ni silabi ya mwisho, konsonanti pamoja na irabu yake. Silabi hiyo ikifanana, kazi imekwisha.

Mwingereza akisikia "upepo" na "hapo" hasikii kina. Yeye haanzi kuhesabu kwenye silabi ya mwisho; anaanza kwenye irabu yenye mkazo, ile inayotamkwa kwa nguvu kuliko nyingine katika neno. Kina kamili kwake kina masharti matatu. Irabu yenye mkazo iwe ile ile. Kila sauti inayofuata baada yake, mpaka mwisho wa neno, iwe ile ile. Na konsonanti inayotangulia irabu hiyo iwe tofauti.

Sharti la tatu ndilo linalotushangaza zaidi, maana sisi tunataka konsonanti ifanane na wao wanataka itofautiane. "Light" na "night" ni kina kamili, kwa kuwa l na n ni tofauti. "Leave" na "believe" ni kina dhaifu kwao, kwa sababu yote mawili yana "liv" ile ile, na sikio linaona kama neno limerudiwa.

Rudi sasa kwenye shairi la yule kijana. "Nation" ina mkazo kwenye "nei", "education" kwenye "kei". Kuanzia irabu ile ni "eishen" kwa "eishen", n na k zimetofautiana, basi ni kina kamili. "Corruption" ina mkazo kwenye "rap", "solution" kwenye "lu". Nilimtafutia "solution" mwenzake, tukapata "constitution" na "contribution". Alipopendekeza "pollution" na "revolution" nilimsifu kwa sikio lake, kisha nikamwonyesha kwamba yote yana "lushen" ile ile, kwa hiyo kwa sheria kali hayafiki. "Corruption" ndilo gumu: ndugu zake ni "eruption", "disruption" na "interruption", na wote wana r pale pale. Anayetaka kulaani rushwa kwa Kiingereza na kwa vina ajue mapema kwamba neno hilo ni bahili, alihamishe kutoka mwisho wa mshororo.

Hatua ya kwanza: lisikie neno, usilisome

Herufi za Kiswahili ni waaminifu. Ukiona "o" unatamka o. Kiingereza hakina uaminifu huo, na mtunzi anayetafuta vina kwa macho ataumia. "Food", "good" na "blood" yanaandikwa kama ndugu watatu, lakini kila moja lina irabu yake. "Love" na "move" vivyo hivyo. "Cough", "though", "through", "bough" na "enough" yote yana herufi "ough", na hakuna hata mawili yenye kina.

Upande wa pili ni wa faida. Chukua "rain", mvua. Kwa macho utapata "train", "pain", "brain", "chain", "gain" na "Spain", kisha utasimama. Kwa sikio mlango unafunguka: "plane", "lane", "vein", "explain", "campaign", "champagne". Maandishi yanatofautiana sana, sauti ya mwisho ni moja. Ndiyo maana nasema tamka neno mara tatu kwa sauti kabla ya kuligusa kwa kalamu.

Kama huna uhakika na matamshi, fungua kamusi ya Kiingereza ya wanafunzi, ile nene iliyopo kwenye maktaba nyingi za sekondari. Pembeni ya kila neno kuna matamshi kwa alama maalumu, na ndani yake kuna kijistari kidogo cha wima kilichoinuliwa juu. Kijistari hicho hukaa mbele ya silabi yenye mkazo. Usikipuuze, maana mkazo wa Kiingereza huhamahama. Kwetu karibu kila neno lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwao, "photograph" lina mkazo mwanzoni, "photographer" lina mkazo kwenye "to", na "photographic" kwenye "graph". Mzizi ni mmoja, vina ni vya aina tatu.

Hatua ya pili: kata mkia

Nitatumia neno moja kuanzia hapa mpaka mwisho wa kazi: "dust", vumbi. Anayeishi hapa anajua kwa nini. Kuanzia Mei hadi mvua za Desemba, upepo wa Dodoma hauachi kitu bila kukipaka rangi.

Andika neno, piga mstari mbele ya irabu yenye mkazo. D, mstari, kisha "ust". Sehemu iliyobaki ndiyo mimi naiita mkia. Mkia wa "dust" ni irabu fupi ya katikati ya kinywa, ile ambayo kamusi inaiandika kwa alama kama v iliyopinduliwa, ikifuatwa na s na t. Kwa neno la silabi nyingi fanya vile vile: mkia wa "nation" ni "eishen" nzima, mkia wa "dusty" ni "asti". Mkia unaweza kuwa na silabi moja, mbili au tatu, na lazima wote uende pamoja.

Hatua ya tatu: pitia konsonanti moja moja

Hii haihitaji bando wala umeme. Andika konsonanti zote chini ya ukurasa, upande wa kushoto: b, ch, d, f, g, h, j, k, l, m, n, p, r, s, sh, t, th, v, w, y, z. Chini yake andika zile zinazokuja kwa jozi au tatu tatu: bl, br, dr, fl, fr, gl, gr, kl, kr, pl, pr, sk, sl, sm, sn, sp, st, sw, tr, thr, kisha skr, spl, spr, str. Bandika mkia kwenye kila moja, tamka, jiulize kama ni neno. Usiruke hata moja kwa kudhani halipo.

Kwa "dust" utavuna "bust", "gust", "just", "lust", "must", "rust", "crust", "trust" na "thrust". Maneno tisa kwa dakika tano, na "gust", mvumo wa ghafla wa upepo, ni zawadi kubwa kwa mtu anayeandika kuhusu vumbi. "Rust", kutu, nalo linakaa karibu na picha hiyo hiyo: bati la nyumba, geti, baiskeli ya zamani.

Kisha jiulize ni herufi gani nyingine zinaweza kutoa sauti ile ile. Hapa wengi husahau vitenzi vya wakati uliopita. Kitenzi kinachoishia na sauti "as" kikipata "ed" kinakuwa "ast". Kwa hiyo "fussed" na "discussed" ni vina kamili vya "dust". Mchezo huu unafanya kazi kila mahali: "passed" na "last", "missed" na "list", "packed" na "fact", "allowed" na "crowd". Kwangu mimi hapa ndipo penye hazina, kwa sababu kitenzi mwishoni mwa mshororo hufanya tendo lionekane, na mtunzi mvivu hafiki huko.

Hatua ya nne: ongeza silabi upande wa kushoto

Chukua mavuno yako uone ni maneno gani marefu yanaishia humo: "adjust", "unjust", "disgust", "distrust", "entrust", "combust", "robust". Kila moja lipimwe mkazo. "Adjust" lina mkazo mwishoni, linafaa. "Robust" wengi huliweka mkazo mwishoni, wengine mwanzoni. Likitamkwa na wewe litafuata mdomo wako. "Focused" linaonekana kama linafaa, ila mkazo uko "fo", kwa hiyo halifai.

Neno la kufundishia kuliko yote hapa ni "August". Mwezi wa nane, vumbi tele, mtunzi anajiona amepata. Lakini mwezi huo una mkazo mwanzoni, na silabi ya mwisho inafifia, si "ast" tena. Ajabu ni kwamba kuna "august" nyingine, kivumishi chenye maana ya adhimu, wa kuheshimika, na yenyewe ina mkazo mwishoni. Hiyo ni kina kamili cha "dust". Herufi zote sita ni zile zile.

"Sawdust" na "stardust" yaache. Yana "dust" ndani yake, ni kurudia neno.

Hatua ya tano: vina vya karibu

Watu wengi huja hapa kwa aibu, kama mtu aliyekosa kitu halisi akachukua cha kuigiza. Mimi sikubaliani nao. Kiingereza kina maneno mengi yenye vina kamili vichache, na vile vichache vimetumika mpaka vimechakaa: "love" ina "above", "dove", "glove", "shove", na karibu ndiyo basi. Msikilizaji akisikia "love" tayari anamsubiri "above" mlangoni. Kina cha karibu kinampa kitu asichokisubiri, ilhali sikio lake bado linahisi kwamba maneno yameshikana mkono.

Njia ya kwanza, nayo ndiyo ninayoipenda, ni kubakiza irabu na kubadilisha konsonanti ya mwisho kwa ndugu yake wa familia moja. Konsonanti zina familia, kulingana na namna kinywa kinavyozitoa. P, t na k ni familia moja, zote hupasuka bila mngurumo wa koo. B, d na g ni familia ya pili, hupasuka kwa mngurumo. F, s, sh na th ya "think" hupuliza. V, z na th ya "this" hupuliza kwa mngurumo. M, n na ng hupitia puani. L na r zina ukaribu wao, nasi tunaujua vizuri kwa jinsi zinavyobadilishana midomoni mwetu.

Ukibadilisha ndani ya familia, sikio karibu halishtuki. "Rain" inashikana na "name", "game", "same", "claim", kwa sababu m na n zote ni za puani. "Home" inashikana na "stone". "Time" na "line" vivyo hivyo. Ukitoka nje ya familia, kwa mfano "rain" na "late", bado irabu inabeba, ila nguvu inapungua.

Kwa "dust", mkia una konsonanti mbili, s na t. Badili t kwa ndugu yake k upate "dusk", "husk", "tusk". Badili s kwa ndugu yake sh au f upate "rushed", "brushed", "stuffed". Ondoa t kabisa upate "us", "bus", "plus", "thus". Kuondoa konsonanti ya mwisho ni halali kabisa katika kuimba, maana mwimbaji anayeivuta irabu hufika kwenye t akiwa amekwishaisha pumzi. Angalia tofauti ya jozi hizi mbili. Ya kwanza ni kina kamili:

The bus has left us in a cloud of dust,
I hold my ticket and I hold my trust.

Ya pili ni kina cha karibu:

The wind has covered every road in dust
And no one's walking in the street but us.

Ya kwanza inafunga mlango kwa kishindo. Ya pili inauacha wazi kidogo, na kwa picha ya watu wawili kwenye barabara tupu, huo uwazi ndio ninaoutaka. Huchagui kina cha karibu kwa kukosa tu. Unakichagua pia kwa sababu ya hisia.

Njia ya pili ni kinyume chake: konsonanti za mwisho zibaki, irabu ibadilike. "Dust" na "lost", "rest", "mist", "coast". Hiki ni kina baridi zaidi, kinafaa kwa shairi la kusomwa kimya kimya au kwa sauti ya taratibu. Kwenye wimbo hupotea, kwa kuwa wimbo unakaa kwenye irabu.

Njia ya tatu ni ya wachanaji: kina cha silabi mbili kinachotengenezwa kwa maneno mawili. "Dusty" kwa "trust me", "must be", "must see". Irabu ya mkazo ni ile ile, silabi ya pili inaishia na i, na katikati konsonanti zinapishana kidogo. Ukichana kwa kasi, hakuna atakayesikia mshono.

Mdomo wa Dodoma na mdomo wa London

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu vitabu vinavyofundisha vina vya Kiingereza haviliandiki jambo hili kwa ajili yetu.

Kwa hesabu ya kawaida, Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu kama 20. Kiswahili kina 5. Tunapojifunza Kiingereza, zile 20 tunazigawanya kwenye vyumba vyetu 5, na chumba cha "a" ndicho kinachojaa kuliko vyote. Wengi wetu tunatamka "bad", "bud", "bird" na "bard" karibu sawa. "Ship" na "sheep" vinakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo kwenye midomo yetu, "dust" ina kina na "last", "first", "past", "worst" na "burst". London hayo ni vina vya karibu vya njia ya pili, irabu zimetofautiana.

Je, ukiandika "dust" na "first" umekosea? Jibu langu ni hili: mtangulize msikilizaji. Ukiimba pale Nyerere Square mbele ya watu wa hapa, kwa matamshi ya hapa, "dust" na "first" ni kina, kimesikika, watu wamekipokea. Kina ni kitu cha sikio, na sikio lililo mbele yako ndilo la kuhukumu. Ila ukipeleka shairi kwenye mashindano yenye majaji wa nje, au unatarajia mwimbaji mwenye matamshi mengine aimbe maneno yako, basi ujue kwamba kile kina kitayeyuka njiani.

Ninachokikataa ni kutokujua. Niliwahi kuandika wimbo wa shule wenye "food", "good" na "blood" mwishoni mwa mishororo mitatu mfululizo, nikiwa na hakika navyo, na wanafunzi wakauimba mwaka mzima. Hakuna aliyenisahihisha. Niliumia nilipogundua, maana watoto wale walinichukulia kuwa ndiye kamusi yao.

Mchanganyiko wa lugha mbili nao una faida yake. Maneno ya Kiingereza ya silabi mbili yanayoishia na sauti i yanashikana vizuri na Kiswahili kwa sababu mkazo mara nyingi unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. "City" na "kiti". "Money" na "nyumbani". Jozi hizo zinatimiza kanuni zote mbili kwa karibu sana, yetu na yao, na ni mtu wa hapa tu anayeweza kuzipata.

Hatua ya sita: vyombo vya msaada

Fanya hatua za juu kwanza, kisha ndipo ufungue simu. Ukianza na simu utapewa orodha ya maneno mia mbili na utachagua yale yale wanayochagua wengine wote.

RhymeZone ni tovuti ya bure. Unaandika neno, inakupa vina kamili vikiwa vimepangwa kwa idadi ya silabi, na ukibadilisha chaguo inakupa vina vya karibu. Mpangilio wa silabi unasaidia sana anayelinda mizani.

Kwa mwenye bando dogo nashauri kitu kingine. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kimetoa kamusi ya matamshi yenye maneno zaidi ya 130,000, ya bure, ambayo ni faili la maandishi matupu. Ukishalipakua unalitumia bila intaneti. Kila sauti imeandikwa kwa herufi za kawaida, na kila irabu ina tarakimu: 1 ni mkazo mkuu, 2 ni mkazo mdogo, 0 ni bila mkazo. "Dust" imeandikwa D AH1 S T. Fungua faili, tafuta "AH1 S T", na kila neno linaloishia hivyo ni kina chake. "Discussed" litatokea. "August", mwezi, halitatokea, kwa sababu irabu yake ya mwisho ina 0.

Kuwa mwangalifu na jambo moja. Kamusi hiyo ni ya matamshi ya Marekani, na sisi shuleni tunafuata zaidi ya Uingereza. Wamarekani hutamka r ya mwisho, Waingereza wengi hawaitamki. "Law" na "more" ni kina kamili London na si kina Chicago. "Again" nalo lina midomo miwili: wapo wanaolitamka kwa mkia wa "rain", wapo wanaolitamka kwa mkia wa "ten". Watunzi wamelitumia kote kote.

Kamusi za vina za karatasi zipo pia. Ya Kiingereza ilichapishwa London tangu mwaka 1570. Ukikuta kamusi yoyote ya vina kwenye meza ya vitabu vya mtumba, nunua.

Hatua ya saba: chagua, na ujue nani atangulie

Sasa una orodha. Futa kila neno usilolijua maana yake vizuri. Futa kila neno lisilo la mahali pa shairi lako. "Champagne" ni kina kamili cha "rain", lakini kama unaandika kuhusu bibi anayesubiri mvua kule Mvumi, glasi ya mvinyo wa Ufaransa itaanguka kutoka mbinguni bila sababu, na msomaji atajua kwamba umefuata kina badala ya bibi.

Ukibaki na jozi yako, mara nyingi neno moja linakuja kwa urahisi na jingine linavutwa. Lile linalovutwa liweke mshororo wa kwanza. Lile la asili, lenye uzito wa maana, liweke wa pili. Sikio likikutana na neno gumu kwanza huliona kama chaguo tu la mtunzi. Likikutana nalo la pili huona kamba iliyolivuta. Jaribu kugeuza mishororo miwili uliyokwishaandika, utaona jinsi shairi zima linavyotulia.

Baada ya hapo msomee mtu. Asiwe na karatasi mkononi, kwa sababu macho yatamsaidia na wewe unataka masikio. Soma mshororo wa kwanza wote, wa pili usome mpaka kabla ya neno la mwisho, kisha nyamaza. Akilitaja neno lako mara moja, kina kina nguvu, ila huenda kimezoeleka mno. Akitaja neno tofauti lenye kina bora kuliko lako, liandike haraka.

Maneno yanayokataa

Yapo maneno ya Kiingereza yasiyo na kina kamili cha kawaida kabisa. "Month" ni moja, "orange" ni jingine, "silver" ni la tatu. Usipoteze usiku. Kwa "month" chukua kina cha karibu, "once" au "lunch" au "front", au lipeleke neno katikati ya mshororo na umalizie kwa jingine: badala ya kufunga kwa "month", funga kwa "moon" au "year", ambayo yana ndugu wengi.

Majina ya kwetu, kwa upande mwingine, ni mepesi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mkazo wake unajulikana. "Singida" ina mkazo kwenye "gi", na kwa matamshi ya Uingereza inashikana na "leader" na "reader". "Manyoni" inashikana na "pony" na "macaroni". Na "Dodoma", ambayo wageni huitamka kwa kuivuta ile "do" ya pili, ina jamaa wazuri kabisa: "aroma", "coma", "diploma".

Mwanafunzi mmoja wa chuo nilimpa jina hilo la mji afanye zoezi lote, kuanzia kukata mkia mpaka kuchagua nani atangulie. Alirudi baada ya siku mbili na karatasi yenye konsonanti zote pembeni, nyingi zimefutwa, na chini kabisa mishororo miwili aliyoisoma akiwa amesimama:

I carried one small suitcase to Dodoma;
I'm going home with dust and a diploma.